Moshi wa baba nao uandikwe kwenye kadi ya kliniki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo limekuwa moyoni mwangu tangu nilipokuwa mkunga katika vituo vya afya vya mkoa wa Tabora, nalo ni sigara ya wazazi na kasoro ambazo watoto huzaliwa nazo, hasa watoto ambao tayari wana hitilafu katika vinasaba vyao. Kila inapofika tarehe 21 Machi, ambayo tangu mwaka 2012 Umoja wa Mataifa unaiadhimisha kuwa Siku ya Down Sindromu Duniani, tunasikia maneno mazuri ya kuwapenda watoto wenye hali hii ya kuzaliwa nayo, ambayo huchelewesha ukuaji wa mwili na akili, kutowaficha ndani na kuwapeleka shule, na maneno hayo ni ya haki kabisa. Ninachokikosa katika hotuba hizo ni mtu wa kuwaeleza wazazi, kwa lugha wanayoielewa, kwamba moshi wa tumbaku unaweza kumwongezea madhara mtoto ambaye tayari ameanza safari yake tumboni akiwa na mzigo.

Kabla ya kufika huko sina budi kuondoa dhana moja ambayo imewaumiza akina mama wengi. Mama hampati mtoto mwenye Down sindromu kwa sababu alimeza vidonge vya uzazi wa mpango, au kwa sababu kuna mtu aliyemroga, wala sigara sicho chanzo cha hali hiyo. Mwaka 1959 Jérôme Lejeune na wenzake wa Paris walionyesha kwamba watoto hawa wana kromosomu (uzi unaobeba vinasaba ndani ya seli) moja ya ziada, ile ya 21, ambayo kwa watu wengine huwa mbili na kwao huwa tatu. Na mara nyingi ziada hiyo hutokea wakati yai la mama linapogawanyika, kabla mimba yenyewe haijatungwa. Kinachojulikana wazi kuongeza uwezekano huo ni umri wa mama: akiwa na miaka 35 ni takriban mtoto mmoja katika kila 350 wanaozaliwa, na akiwa na miaka 40 ni takriban mmoja katika kila 100. Nimekaa wodini na mzazi aliyejifungua huku ndugu wa mumewe wakiulizana mlangoni ukoo wake una nini, na ninajua jinsi neno moja la muuguzi linavyoweza kumsimamisha au kumvunja mwanamke katika saa kama hiyo. Yeyote atakayeichukua barua hii akaenda nayo kumlaumu mama kwa hali ya mtoto wake atakuwa ameigeuza kinyume na nilivyokusudia.

Lakini kromosomu ya ziada haielezi kila kitu kinachompata mtoto huyo. Karibu nusu ya watoto wenye Down sindromu huzaliwa na kasoro ya moyo, na waliobaki huzaliwa na moyo mzima, ingawa wote wana kromosomu ileile. Kasoro inayowapata wao zaidi kuliko watoto wengine ni ya tundu katikati ya moyo, ambapo kuta zinazotenganisha upande wa kulia na wa kushoto, katika vyumba vya juu na vya chini, hazikukutana, na vali mbili (milango ya damu) zilizopaswa kusimama kila moja upande wake zimekuwa moja, hivyo damu nyingi kupita kiasi hukimbilia kwenye mapafu. Mtoto wa namna hii huchoka akinyonya, hutokwa jasho jingi kichwani, haongezeki uzito, na nimonia haiishi kumrudia. Asipofanyiwa upasuaji mapema, kwa kawaida ndani ya mwaka wa kwanza, mishipa ya mapafu hukakamaa, na ikishakakamaa sana upasuaji hauna faida tena. Leo tunayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, ambako watoto hufanyiwa upasuaji ambao zamani ulitupeleka India, lakini mzazi wa Urambo au Sikonge anajua safari ya kufika huko ina gharama gani, na anajua pia kwamba wapo wanaofika wakiwa wamechelewa.

Kwa hiyo ni swali la haki kuuliza kwa nini huyu moyo wake una tundu na yule hana. Huko California, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, watafiti waliwalinganisha watoto wenye Down sindromu wao kwa wao, wale wenye kasoro za moyo na wale wasio nazo, wakakuta kwamba kasoro hizo zilionekana zaidi kwa watoto ambao mama zao walivuta sigara. Ulinganisho huo ni muhimu kwa sababu kromosomu ilikuwa sawa pande zote mbili, na kilichotofautiana ni mazingira ambamo mimba ilikua. Ni kweli kwamba utafiti mmoja hautoshi kufunga mjadala, na vinasaba vingine vya mtoto vina sehemu yao, lakini jibu hilo linakubaliana na yale tunayoyajua kuhusu moshi wenyewe.

Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000. Kaboni monoksaidi iliyomo hujishikiza kwenye damu ya mama kwa nguvu kubwa mara nyingi kuliko oksijeni, hivyo hewa inayomfikia mtoto hupungua. Nikotini hubana mishipa ya damu. Na kemikali nyingine huharibu moja kwa moja DNA, yaani kemikali inayobeba vinasaba, ya seli zinazogawanyika kwa kasi. Moyo wa mtoto huanza kupiga kiasi cha wiki tatu baada ya mimba kutungwa, na kufikia wiki ya nane umbo lake kwa sehemu kubwa limekwisha kukamilika. Mwaka 2014 ripoti ya Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani ilihitimisha kwamba ushahidi sasa unatosha kusema kuwa mama kuvuta sigara mwanzoni mwa ujauzito husababisha mpasuko wa mdomo na wa kaakaa, ule ambao huku kwetu huitwa mdomo wa sungura. Neno walilotumia ni kusababisha, na ripoti hizo hazitumii neno hilo kirahisi.

Mfano unaonishawishi zaidi, hata hivyo, unatoka katika ugonjwa adimu ambao wasomaji wengi hawajawahi kuusikia. Unaitwa anemia ya Fanconi, kwa jina la Guido Fanconi, daktari wa watoto wa Uswisi aliyeueleza mwaka 1927. Ni ugonjwa wa kurithi, na mara nyingi hufuata njia ileile ya selimundu, ule ugonjwa wa chembe za damu kuwa na umbo la mundu: kila mzazi anabeba jeni moja yenye hitilafu bila yeye mwenyewe kuugua, na kila wanapopata mimba kuna uwezekano wa robo kwamba mtoto atakuwa mgonjwa. Baadhi ya watoto hawa huzaliwa bila kidole gumba, au mfupa mmoja wa mkono ukiwa mfupi au haupo kabisa, au figo zikiwa na kasoro, na wengine huzaliwa bila alama yoyote ya nje. Baadaye uboho wa mifupa yao hushindwa kutengeneza damu. Chanzo ni kwamba seli zao haziwezi kukarabati aina fulani ya uharibifu wa DNA, pale nyuzi zake mbili zinapogandishwa pamoja zisiweze kuachana.

Kwa muda mrefu haikujulikana ni kitu gani hasa mwilini kinachozigandisha nyuzi hizo. Mwaka 2011 Ketan Patel, mwanasayansi wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, pamoja na wenzake wa Cambridge, walionyesha kwa panya kwamba mmojawapo wa wahusika wakuu ni kemikali iitwayo asetaldehaidi. Walieleza kwamba mwili una kinga mbili dhidi yake: kimeng'enya kinachoivunja kabla haijadhuru, na mfumo wa ukarabati ambao wagonjwa wa Fanconi hawana. Vijusi vya panya vilivyokosa kinga zote mbili viliweza kukua iwapo mama yao alikuwa na kimeng'enya hicho, kwa kuwa mwili wa mama uliwaondolea sumu; lakini mama huyo alipopewa pombe, ambayo mwilini hugeuka kuwa asetaldehaidi, vijusi vikaharibika. Miaka miwili baadaye madaktari wa Japani, nchi ambayo watu wengi wamezaliwa na kimeng'enya dhaifu, walichapisha kwamba wagonjwa wao wa Fanconi wenye udhaifu huo walishindwa na uboho mapema kuliko wenzao.

Jaribio la Cambridge lilihusu pombe, nami sitaki kulifanya liseme zaidi ya lilivyosema. Hata hivyo, asetaldehaidi imo pia ndani ya moshi wa sigara, tena ikiwa pamoja na fomaldehaidi, ambayo ni ya jamii hiyohiyo, na ndiyo maana madaktari wanaowatunza wagonjwa wa Fanconi huwakataza kuvuta na kukaa penye moshi wa wengine. Mimi kama mkunga nimejifunza mambo mawili hapo. Kwanza, watoto wawili wanaweza kuvuta sumu ileile kwa kiasi kilekile, mmoja akapita salama kwa sababu ana njia ya kujitengeneza na mwingine akaumia kwa sababu hana. Kwa hiyo yule jirani anayesema yeye alivuta sigara katika mimba zake zote na wanawe ni wazima anasema kweli kuhusu wanawe, na maneno yake hayamfai kitu mama mwingine. Pili, mwili wa mama ni ngao ya mtoto, na ngao hiyo huchoka kwa kila kinachoingia mwilini mwake, awe amekitaka mwenyewe au ameletewa na mtu mwingine.

Hapo ndipo nafika kwa baba, ambaye hasa ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Utafiti wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku kwa watu wazima uliofanyika hapa Tanzania mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 14.6 ya wanaume hutumia tumbaku, na kwa wanawake ni asilimia 3.2. Maana yake ni kwamba katika nyumba nyingi ambamo moshi unamfikia mjamzito, aliyeushika moto si yeye. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Central South huko Changsha, China, walichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti 125 kuhusu sigara za wazazi na kasoro za moyo za kuzaliwa nazo, wenye taarifa za watoto 137,575 waliokuwa na kasoro hizo. Ikilinganishwa na wazazi wasioguswa na moshi, uwezekano wa kasoro za moyo ulikuwa juu kwa asilimia 25 pale mama alipovuta, kwa asilimia 74 pale baba alipovuta, na kwa asilimia 124 pale mama alipovuta moshi wa watu wengine.

Takwimu hizo zinahitaji kusomwa kwa uangalifu, kwa kuwa zimetokana na kuwauliza watu na kuwalinganisha, na njia hiyo peke yake haithibitishi chanzo. Aidha, uchambuzi ule ulihusu watoto wote na haukuwatenga wenye hitilafu za vinasaba. Huenda pia wanawake waliovuta hawakusema ukweli wote, au walipunguza walipojua wana mimba. Lakini hata ukizipunguza kwa nusu, bado zinatuonyesha mahali ambapo hatujawahi kuangalia. Mbegu za mwanamume huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, na inajulikana kwamba DNA katika mbegu za wavutaji huharibika zaidi kuliko katika mbegu za wasiovuta. Kwa hiyo sigara ambayo baba ameivuta kabla mkewe hajakosa siku zake inaweza kuwa na sehemu katika mimba hiyo, na ile anayoivuta baadaye sebuleni inamfikia mtoto kupitia pua za mama.

Sasa tazama tunavyofanya kliniki. Mama akija mara ya kwanza tunamhimiza aje na mwenzake, na tunafanya hivyo kwa sababu nzuri: wote wawili hupimwa virusi vya Ukimwi na kaswende, na kazi hiyo imewaokoa watoto wengi. Baba yuko pale, amekaa kwenye benchi, mkono umekwisha kutolewa damu, na mara nyingi pakiti iko mfukoni mwa shati na inaonekana. Katika miaka yangu ya kazi, swali la sigara tulimuuliza mama, naye akajibu hapana kwa ukweli kabisa, tukaandika hapana, tukageuza ukurasa. Jibu lile lilikuwa sahihi kwenye karatasi huku nyumba yenyewe ikiwa imejaa moshi wa mume, wa shemeji, na wa babu mwenye kiko chake. Sheria yetu ya mwaka 2003 ya kudhibiti bidhaa za tumbaku na Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, vinashughulikia maeneo ya umma, ofisi na vyombo vya usafiri. Chumba cha kulala hakifikiwi na sheria, na sidhani kama inafaa kifikiwe kwa askari. Anayeweza kuingia humo ni mhudumu wa afya aliyekaribishwa.

Ipo pia shida ya wakati. Wanawake wengi wa kwetu huja kliniki baada ya miezi mitatu, na wakati huo moyo wa mtoto umekwisha kuumbwa. Kusubiri kadi ya ujauzito ndipo tuzungumze sigara ni kuchelewa kwa mimba hiyo, ingawa si kazi bure, kwa kuwa moshi huendelea kupunguza uzito wa mtoto na kuleta uzazi wa kabla ya wakati. Mahali pa kuwapata wazazi mapema tunapo. Mtoto mwenye Down sindromu anayekuja kupimwa uzito, mtoto wa selimundu anayekuja kuchukua dawa, mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa moyo anayerudi kwa daktari, wote hawa wana wazazi ambao wengi wao watazaa tena. Familia hizo ndizo zenye sababu kubwa kuliko zote ya kuwa na nyumba isiyo na moshi, na ndizo tunazoongea nazo kila mwezi kuhusu kila kitu isipokuwa hilo. Kwa selimundu faida ni ya papo hapo pia, maana watoto wenye ugonjwa huo wanaokaa penye moshi hulazwa zaidi, na nchi yetu huzaa takriban watoto 11,000 wa selimundu kila mwaka.

Nimeishi miongoni mwa wakulima wa tumbaku na siandiki kuwadharau. Zao hilo limewasomesha watoto wa Urambo na Kaliua, wakiwemo baadhi ya wauguzi niliofanya nao kazi. Lakini mjamzito anayevuna majani mabichi yenye umande hupata nikotini kupitia ngozi, ndiyo maana wavunaji huona kizunguzungu na kutapika, na wengi hudhani ni mimba inayowasumbua. Mama wa namna hiyo akiulizwa kama anavuta sigara atasema hapana, na swali litakuwa limempita tena. Anapaswa kuulizwa anafanya kazi gani shambani na kwenye bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, na ndugu zake waombwe wamwachie kazi nyingine mpaka ajifungue.

Kuhusu wanaume, uzoefu wangu ni kwamba hawahitaji kutukanwa. Mwanamume akielezwa mbele ya mkewe, kwa heshima, kwamba sigara yake inaweza kufika kwenye moyo wa mtoto ambaye hajazaliwa, mara nyingi hukaa kimya, kisha huuliza maswali ya maana: je, nikivutia nje inatosha? Nikipunguza? Niache lini? Majibu yapo na hayahitaji mashine. Kuvutia nje hupunguza moshi ndani ya nyumba lakini hakuuondoi wote, kwa sababu hurudi nao katika nguo na pumzi. Kupunguza ni mwanzo tu. Na kama wanapanga mtoto, aache angalau miezi mitatu kabla, yeye na yeyote mwingine anayevuta ndani ya nyumba hiyo. Anayeshindwa asaidiwe, kwa sababu nikotini ina uraibu wa kweli, na ushauri wa kurudiwa mara kwa mara humsaidia mtu kuliko onyo la siku moja.

Ninaiomba Wizara ya Afya, kupitia gazeti lako, iongeze katika kadi ya kliniki ya wajawazito na katika kadi ya mtoto sehemu inayouliza nani anavuta tumbaku nyumbani, na sehemu ya pili inayomuuliza baba mwenyewe, ijazwe yeye akiwepo na isomwe tena katika kila hudhurio. Ninawaomba madaktari wa moyo wa watoto, wa selimundu na wa watoto wenye ulemavu waandike swali hilohilo katika mafaili yao, ili baada ya miaka michache tuwe na takwimu za watoto wetu wenyewe badala ya kutegemea za California na China. Na ninawaomba viongozi wa dini, ambao huwaona wachumba katika mafundisho ya ndoa kabla mkunga hajawaona, walitaje jambo hili wakiwa na bwana harusi mbele yao. Kama wapo madaktari wenye hoja tofauti na hizi, nitashukuru kuzisoma katika safu hii.

Mkunga mstaafu,
Tabora